Visiki, Sangari na Ndago: Kulirudisha Shamba Lililogeuka Pori

Shamba likikosa jembe msimu mmoja, kishona nguo na mnavu hushika nafasi ya mahindi. Msimu wa pili nyasi za kudumu huingia kutoka mipakani. Ukifika wa tatu vichaka vimesimama, na ndege wanaotua humo wanaleta mbegu za vichaka vingine. Huenda mwenyewe alihamia mjini kikazi, huenda warithi hawakuwa wameelewana, huenda mzee aliyekuwa akililima aliishiwa nguvu. Siku ya kurudi, robo ekari ile, hatua 35 kwa 35 ambazo zamani mtu aliziona zote akiwa amesimama pembeni, imefunga kiasi kwamba hata palipokuwa na matuta hapajulikani.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, nchini Uingereza, kililichunguza jambo hili kwa makusudi. Mwaka 1882 pande la nusu ekari kwenye shamba la ngano liitwalo Broadbalk liliachwa bila kuvunwa, na halikulimwa tena. Baada ya miaka minne ilibaki miche michache ya ngano iliyodumaa katikati ya magugu. Sehemu iliyoachwa kabisa leo ni msitu wa miti mirefu, na sehemu ambayo watu waliendelea kung'oa miche ya miti peke yake imebaki ya majani. Hiyo ni nchi ya baridi. Kwenye joto na mvua za Muheza au Bukoba pori haliwezi kuchelewa kiasi hicho.

Kinachomshinda mtu kwenye shamba la namna hii mara nyingi si majani anayoyaona. Panga na fyekeo huyalaza kwa siku chache, na uwanja ukishakuwa mweupe mwenye shamba huamini kazi imekwisha. Wiki tatu baadaye pamechipua upya, kwa kuwa kilichokatwa ni sehemu ndogo ya mmea. Pori lenyewe liko chini: visiki, mizizi inayotambaa, vijitunguu vya ndago, na mbegu zilizolala zikingoja mwanga. Anayepanga kazi yake kwa kuhesabu vilivyo chini hutumia nguvu na fedha kidogo kuliko anayeanza kwa kukata.

Somo lililogharimu pauni milioni 36

Tanzania inao mfano mkubwa wa jambo hili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiitazama nchi kutoka kwenye ndege, kisha ukapendekeza karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, Ugogoni, mwaka 1947.

Matrekta yaliyosalia vitani yalisafirishwa kutoka nchi za mbali, na mengi yaliharibika miezi ya mwanzo tu. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Minyororo mizito ya nanga za meli ilifungwa kati ya mashine mbili, nazo zikaenda sambamba zikilaza kila kilichosimama mbele yao. Nyuki waliokuwa kwenye mapango ya mibuyu waliwashambulia wafanyakazi. Hata hivyo, kuangusha kichaka kuliwezekana. Mizizi ndiyo iliyoshindikana. Visu vya kukatia mizizi vililika upesi kwa mchanga mkali uliochanganyika na udongo, na kiangazi kilipoingia udongo ule wa mfinyanzi ulishikamana ukawa haulimiki. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizokuwa tayari hazikufika 10,000. Mvua nazo hazikutosha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Sehemu ya ardhi ya eneo hilo leo ni Ranchi ya Kongwa, ya ng'ombe. Wagogo walikuwa wakizijua mvua za nchi yao, na walijua panapofaa mtama na panapofaa malisho, ila mpango haukujengwa juu ya ujuzi huo.

Mwenye robo ekari hufanya kosa la aina hiyo hiyo anapokodi trekta liingie moja kwa moja kwenye shamba lililofunga. Plau hugeuza majani, haro ikafuata, shamba likapendeza machoni kwa siku kumi. Kama humo mlikuwa na nyasi ya sangari, haro imeikata vipande maelfu na kuvitawanya kila kona, na kila kipande chenye kifundo kinaweza kuwa mmea mpya. Trekta lina kazi yake, lakini zamu yake huja baadaye.

Siku ya kutembea

Kabla ya kukata chochote, shamba lizungukwe. Mipaka itafutwe kwanza, tena pamoja na majirani na mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu alama za zamani mara nyingi ni mimea. Uchagani masale hupandwa mpakani na makaburini, na sehemu nyingine mpaka ni mstari wa minyaa au mikonge. Kibarua asiyeambiwa huifyeka yote pamoja na magugu, na ugomvi unaozaliwa hapo hudumu kuliko shamba lenyewe. Miti ya matunda iliyomezwa na vichaka, visima vya zamani, mashimo ya choo, chupa na mabati yaliyooza, vyote viwekewe alama.

Nyoka nao wafikiriwe. Kifutu hakimbii anaposikia hatua. Hulala kimya akitegemea rangi yake imfiche, ndiyo maana hukanyagwa. Buti ndefu, fimbo ya kutangulizia majani, na kufyeka kuanzia upande mmoja kuelekea mwingine ili wanyama wapate pa kutokea ni tahadhari ndogo zinazookoa maisha. Kufyeka kwa kuzunguka kutoka pande zote huwakusanya katikati, na mtu wa mwisho kuingia hukutana nao.

Magugu yenyewe hueleza habari za udongo. Kangaga ikitawala, mara nyingi udongo una tindikali. Ndago na mimea ya jamii yake ikisongamana mahali pamoja, maji hutuama pale. Mnavu na mchicha pori uliostawi huonyesha mahali penye rutuba, pengine palikuwa na zizi. Hizo ni dalili tu. Jibu lenye uhakika hutoka maabara, na kwa Tanzania zipo TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huku Kenya ikiwa na KALRO. Sampuli huchukuliwa sehemu kumi hadi kumi na tano kwa kupita shambani mshazari, kina cha sentimita 20, udongo wote ukachanganywa kwenye ndoo safi ya plastiki na kutolewa kiasi kidogo cha kupeleka. Pasichukuliwe mahali palipochomwa moto wala penye kichuguu, maana majivu na udongo wa mchwa hupotosha majibu.

Sangari haina haraka, nawe usiwe nayo

Nyasi inayowatesa wakulima wengi wa nyanda za juu za Afrika Mashariki ni sangari, ambayo kisayansi huitwa Digitaria abyssinica. Juu ya ardhi haitishi. Chini ina mashina meupe membamba yanayotambaa na kusukana, yakapita katikati ya mizizi ya kahawa na migomba, mengine yakishuka karibu mita nzima. Mkulima akiyakata kwa jembe bapa anayazidisha. Njia inayofaa ni jembe la meno, linaloinua udongo bila kukatakata, kisha mkono ukafuata kila uzi hadi unapoishia. Ni kazi ya kuinama, na ndiyo sababu haifai kuanzwa shamba zima kwa pamoja.

Wakati mzuri unategemea mvua za mahali. Kwenye sehemu zenye masika na vuli, shamba lifyekwe masika yanapoisha, udongo ungali na unyevu wa kutosha jembe kuzama, kisha mizizi iinuliwe mwezi wa Juni na kuachwa juu ya ardhi. Jua na upepo wa miezi inayofuata hadi Septemba huikausha kabisa. Mizizi isirundikwe mbichi kwenye shimo la mboji, kwa kuwa huchipua humo humo na kurudishwa shambani na samadi. Ianikwe juu ya mabati au mwamba hadi ivunjike ikikunjwa. Mvua za kwanza za vuli zitaonyesha vilivyosahaulika: machipukizi membamba hapa na pale, ambayo yakifukuliwa mapema hayajapata muda wa kujenga mtandao mpya.

Ndago ni habari nyingine. Kitabu cha Leroy Holm na wenzake cha mwaka 1977 kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani kiliiweka namba moja. Nguvu yake imo kwenye vijitunguu vyeusi vilivyoungana mithili ya shanga, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Mnyororo huo ukiwa mzima, kijitunguu cha mwisho huwazuia wenzake wasichipue. Jembe likiukata, vyote huamka. Hilo linaonekana baya, lakini lina faida kwa mkulima mwenye subira, kwa sababu kijitunguu kilichoamka hutumia akiba yake. Jani likikatwa kila baada ya wiki mbili au tatu, kabla halijarudisha chakula chini, akiba hupungua hadi kuisha. Kuruka wiki tano katikati hurudisha kazi nyuma. Plastiki nyeusi inayotandazwa bustanini haitoshi, maana ncha ya ndago huitoboa, kama inavyotoboa viazi ardhini. Ndago inachokosa ni uvumilivu wa kivuli. Chini ya mmea mrefu uliosongamana hudhoofika sana.

Mbegu nazo zina umri wa kushangaza. Mwaka 1879, huko Michigan, Marekani, mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu za magugu zilizochanganywa na mchanga, ili zifukuliwe moja moja kwa vipindi virefu. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 ilikuwa na mbegu zilizoota tena, baada ya zaidi ya miaka 140 gizani. Kwa hiyo kulima kwa kina kwenye shamba la zamani kunapandisha juu magugu ya miaka mingi iliyopita. Wakulima wazoefu hulitumia jambo hilo kwa namna nyingine. Hutayarisha shamba mapema, wakaacha mvua mbili tatu ziamshe magugu yaliyo karibu na uso, kisha hukwatua juu juu bila kugeuza udongo, na ndipo wanapanda. Kundi la kwanza la magugu linakuwa limekufa kabla mahindi hayajaota.

Panapokuwa na kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mazao, hesabu hubadilika. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo mno, zinazoweza kukaa udongoni hadi miaka 20 na kuamshwa na mizizi ya mahindi au mtama. Kung'oa kiduha kabla hakijatoa maua ni lazima, lakini peke yake hakumalizi tatizo. Kituo cha icipe nchini Kenya, kikishirikiana na wanasayansi wa Rothamsted na wengine, kilibuni tangu miaka ya 1990 kilimo cha sukuma-vuta, ambamo desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha kisha zikazizuia kujishikiza kwenye zao, huku harufu yake ikiwafukuza nondo wa bungua mabua.

Kisiki cha kung'oa na kisiki cha kuacha

Kwenye visiki ndipo jasho jingi hupotea bila sababu. Lantana, kichaka kilichotoka Amerika ya joto kikaletwa kama ua la kupendezesha nyumba, hakiondoki kwa kukatwa. Huchipua kutoka shinani, tena kwa wingi. Shina lake lifukuliwe na mzizi mkuu ukatwe chini kwa sururu au shoka. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi, hivyo yasitupwe zizini. Gugu karoti nalo, lililoenea Arusha na sehemu nyingine katika miaka ya hivi karibuni, ling'olewe kwa glavu kabla halijatoa maua, kwa kuwa huwasha ngozi na kusumbua kifua.

Kwa miti mikubwa, anayetaka kupanda chai, kahawa au matunda anapaswa kufahamu ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na kuvu aina ya Armillaria. Kuvu huyo huishi kwenye visiki vya msitu uliokatwa, akala akiba ya wanga iliyobaki mizizini, kisha akahamia kwenye miche mipya na kuiua moja moja, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya kupanda. Malawi, katika miaka ya 1930, mtafiti R. Leach alionyesha kinga rahisi: mti uchunwe gamba mzunguko mzima wa shina mwaka mmoja au zaidi kabla ya kukatwa. Chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena, mizizi humaliza akiba yake taratibu, na kuvu hakuti cha kula. Mbinu hiyo iliingia kwenye mashamba ya chai ya Afrika Mashariki. Mwenye shamba lenye mti mmoja mkubwa anaweza kuifuata bila gharama yoyote isipokuwa kungoja.

Lakini si kila kisiki ni adui. Mwaka 1983, nchini Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia aliyekuwa amechoshwa na miche iliyokufa kila mwaka, aligundua kwamba vichaka vidogo vilivyotapakaa mashambani vilikuwa miti iliyokatwa, ikijaribu kuchipua kutoka kwenye mizizi iliyo hai. Wakulima walipochagua machipukizi machache na kuyatunza, miti ilirudi bila kupandwa, na kwa miaka iliyofuata mamilioni ya hekta za Niger yalifunikwa tena na miti.

Mkoani Dodoma, shirika la LEAD Foundation linafundisha jambo hilo hilo kwa jina la Kisiki Hai. Mkulima huchagua kisiki chenye machipukizi yenye afya, huacha machache yaliyonyooka na kupogoa mengine, hufunga alama ili wachungaji na majirani wajue mti unatunzwa, kisha huulinda. Mizizi tayari iko chini sana, hivyo chipukizi hukua upesi kuliko mche wa kitaluni na halihitaji kumwagiliwa. Ndani ya mkoa ule ule ambamo vifaru vilipambana na mizizi ya Kongwa, mizizi sasa inahesabiwa kuwa mali.

Kwa mwenye shamba lililofunga, maana yake ni kwamba ufyekaji uanze kwa uchaguzi. Mgunga wa aina ya Faidherbia, kwa mfano, hudondosha majani wakati wa mvua, ukaacha mwanga kwa mazao na mbolea chini yake. Mti wa namna hiyo, uliochipua wenyewe katikati ya shamba, ni hasara kuung'oa. Miche ya mti wa mbao mpakani ni vivyo hivyo. Kitambaa chekundu kifungwe siku ya kutembea, kabla vibarua hawajafika.

Majani yaliyofyekwa yaende wapi

Moto ndio jibu la haraka, na una faida zinazoonekana. Huacha majivu yenye potasi, hupunguza tindikali kwa muda na kuua baadhi ya mbegu za juu. Ila naitrojeni, ambayo zao la kwanza linaihitaji kuliko yote, hupaa na moshi. Mizizi ya sangari na ndago iliyo chini haiguswi. Nyasi ya Imperata, ile yenye ncha kali inayotumika kuezekea sehemu nyingi, hunufaika kabisa na moto: washindani wake huungua, nayo huchipua kutoka chini ikiwa ya kwanza. Shamba linalochomwa kila mwaka ndilo Imperata inalolimiliki. Mbali na hayo, moto uliovuka mpaka ni kesi, na vijiji vingi vina sheria ndogo zinazomtaka mtu aombe ruhusa kwanza.

Jibu lililo bora, kwa maoni ya mwandishi huyu, limekuwepo Ruvuma kwa zaidi ya miaka mia moja. Wamatengo wa milima ya Mbinga hulima kwenye miteremko mikali kwa mtindo wa ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha, mnamo Machi, wanaume hufyeka majani ya shamba lililopumzika na kuyaacha yanyauke. Majani hayo hupangwa kwa mistari inayokatana, ikatoka miraba yenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili na ushee. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo huo. Mwisho wake shamba zima ni mashimo yaliyozungukwa na matuta, na ndani ya kila tuta kuna majani yanayooza.

Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta, na mahindi hufuata mvua za msimu unaokuja zinapoanza. Mashimo hukamata maji na udongo unaoteremka, ndiyo maana milima ile inalimwa vizazi na vizazi bila kuchukuliwa na mvua. Mpangilio wa mazao nao una sababu. Majani makavu yanapooza, vijidudu vya udongoni huvuta naitrojeni yote iliyo karibu, na mahindi yanayopandwa wakati huo hugeuka manjano. Maharage hujitafutia naitrojeni hewani, hivyo hayaathiriki sana. Mahindi yanapofika, majani yameshakuwa mboji.

Asiye na mteremko hana haja ya mashimo, lakini kanuni ile inamfaa. Majani laini yasiyo na mbegu yafukiwe au yatandazwe; matawi mazito yapangwe kwa kukinga mteremko ili yazuie udongo; vijiti vikavu viwe kuni. Majani yenye mbegu zilizokomaa ndiyo peke yake yanayostahili moto, kwenye rundo dogo, siku isiyo na upepo.

Zao la kwanza

Katika mkoa huo huo wa Ruvuma, watawa Wabenedikto wa Peramiho walihimiza katika miaka ya 1980 kupanda marejea, mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya njano, kwenye mashamba yaliyochoka na yaliyovamiwa na magugu. Marejea hupandwa kwa kusongamanisha. Baada ya muda mfupi hutia kivuli kizito, magugu yakakosa mwanga, na mizizi yake huongeza naitrojeni. Inapoanza kutoa maua hukatwa na kufukiwa. Kwa shamba lenye ndago nyingi, msimu mmoja wa marejea hufanya kazi ambayo palizi kadhaa zisingeifanya. Fiwi nayo inafaa, na ina faida ya kuliwa. Familia isiyoweza kukosa chakula cha msimu mzima inaweza kugawa shamba: nusu marejea, nusu viazi vitamu au maboga yanayofunika ardhi upesi, kisha kubadilishana.

Udongo wenyewe usisahaulike chini ya mazungumzo ya magugu. Sehemu kavu za Dodoma watu wengi hulima kwa kuberega, yaani kukwaruza juu na kupanda kwenye ardhi isiyotifuliwa, na chini ya sehemu hiyo iliyokwaruzwa kuna tabaka gumu ambalo mizizi hugonga ikageuka. Shamba lililolimwa kwa jembe la mkono miaka mingi kabla ya kuachwa huwa na tabaka la aina hiyo kwenye kina ambacho jembe lilikuwa likifika. Kulivunja kwa mtaimbo au sururu kwenye mistari ya kupandia tu, bila kulima uwanja mzima, hutosha, na hakuamshi mbegu za magugu zilizo katikati ya mistari.

Kuhusu dawa za kuua magugu, glaifoseti hufika mizizini ikiwa imepulizwa kwenye majani mabichi yanayokua, hivyo kuipuliza kwenye nyasi zilizokauka au zenye vumbi ni kutupa fedha. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, ilhali mamlaka za udhibiti za Marekani na Ulaya hazikukubaliana na hitimisho hilo. Anayeamua kuitumia anunue iliyosajiliwa, avae kinga ya mwili, na asipulize karibu na kisima wala siku ya upepo. Kwa robo ekari yenye mikono miwili mitatu ya kusaidia, jembe la meno na marejea vinatosha.

Vibarua walipwe kwa ngwe, na ngwe zipimwe kwa kazi ya chini. Mtu anayelipwa kwa ukubwa wa eneo lililofyekwa atakimbilia kufyeka, na mizizi itabaki. Makubaliano yawe kwamba ngwe imekamilika pale jembe linapozama bila kukuta sangari, hata kama siku nzima zimepatikana hatua tano kwa tano. Eneo linalofunguliwa lisizidi lile linaloweza kupandwa mvua hizo hizo, kwa sababu ardhi iliyoachwa tupu huchukuliwa na maji au hurudiwa na magugu kabla ya msimu ujao. Sehemu iliyobaki ifyekwe tu isitoe mbegu, ingoje zamu yake.

Halafu kuna mpaka. Sangari ya jirani haijui mwisho wa shamba. Mfereji mwembamba wa kina cha jembe, unaosafishwa kila palizi, huikatiza njiani, na ukipandwa mchaichai au majani ya ng'ombe kwa ndani, ukingo huo unaanza kulipa gharama yake mwenyewe. Jirani akikubali kuchimba upande wake pia, kazi inapungua kwa nusu.